Mazoezi ya kupumua kabla ya upasuaji: je, yanapandisha namba ya oksijeni?

Infirmye_Kadutu (Bukavu)

Habari zenu, ndugu na dada wa kazi.

Swali langu ni juu ya wagonjwa wa upasuaji wa kupangwa, hasa wanaofunguliwa tumbo la juu: nyongo, tumbo la chakula, wengu. Tukiwapima oksijeni ya damu kidoleni kwa oksimita siku wanapokuja kuandikishwa, wengi wanaonyesha asilimia 94 au 95 bila kupewa oksijeni yoyote. Hawakohoi, hawana homa, na ukisikiliza mapafu ni safi. Hapo ubishi unaanza. Wengine wanataka mgonjwa arudi nyumbani na mazoezi ya kupumua mpaka namba ifike 97, ndipo apangiwe siku. Wengine wanasema mazoezi ni kupoteza wakati, apasuliwe tu, oksijeni ipo.

Chukueni mfano wa mama wa miaka 58 mwenye mawe ya nyongo. Atafunguliwa kwa kidonda kirefu, upasuaji wa kamera hakuna. Kazi inakadiriwa saa moja na nusu, na zimebaki siku 10. Kidoleni ana 94. Havuti sigara, ila anapikia makala (mkaa). Mazoezi gani, mara ngapi kwa siku, na je, namba hiyo inapaswa kupanda kweli? Na pale ambapo hakuna kine (mtaalamu wa mazoezi ya tiba), infirmye (muuguzi) anaweza kuyafundisha mwenyewe bila kuharibu?

Kine_wa_Himbi (Goma)

Aksanti kwa kulileta jambo hili, yaya. Naanza na lile linalowagawa.

Mazoezi ya kupumua hayapandishi namba ya kidole ya mtu mwenye mapafu mazima, na hiyo siyo kazi yake. Mwambie mgonjwa wa 94 avute pumzi ndefu mara sita au saba: namba itapanda hadi 96, pengine 97. Akirudi kupumua kawaida, baada ya dakika moja au mbili iko palepale ilipokuwa. Alichofanya ni kutoa kaboni dioksidi nyingi kuliko kawaida, na nafasi yake kwenye vifuko vya hewa ikachukuliwa na oksijeni. Mapafu yenyewe hayajabadilika. Kumrudisha mtu nyumbani "mpaka afike 97" ni kumpa mtihani ambao mwili wake hauna sababu ya kuufaulu.

Kazi ya mazoezi ni ya baada ya kisu. Mtu akilala chali na kupewa dawa ya usingizi, diaframu (ule msuli mpana chini ya mapafu) inapanda juu na kubana sehemu ya chini ya mapafu. Vifuko vya hewa vya huko vinasinyaa ndani ya dakika chache, na inatokea kwa karibu watu 9 kati ya 10, hata wazima kabisa. Akiamka, kidonda cha tumbo la juu kinamzuia kuvuta pumzi. Siku ya kwanza uwezo wake wa kujaza mapafu unashuka hadi karibu nusu. Tena, sisi sote tunashusha pumzi ndefu bila kujua mara kadhaa kila saa, na hizo ndizo zinazofungua vifuko vilivyojifunga. Aliyepasuliwa hazishushi, kwa sababu zinauma. Makohozi yanakaa chini, siku ya pili au ya tatu homa inapanda, na hapo ndipo namba ya kidole inashuka kweli.

Kwa hiyo unamfundisha kabla, akiwa hana maumivu na kichwa chake ni safi, kitu atakachokifanya akiwa na maumivu na usingizi haujamtoka. Utafiti mmoja wa Australia na New Zealand uliotolewa mwaka 2018 ulipima hilo hasa, kwa watu zaidi ya 400 wa upasuaji wa tumbo la juu. Wote walipewa kijitabu cha maelezo. Nusu yao wakaongezewa kikao kimoja tu cha dakika 30 na kine kabla ya upasuaji. Matatizo ya mapafu yalikuwa 27 kwa 100 kwa wale wa kijitabu peke yake, na 12 kwa 100 kwa wale wa kikao. Kikao kimoja, wala si wiki tatu. Kwa kituo kisicho na kine wa kila siku, hii ni habari kubwa: infirmye akijua anachofundisha, anaweza.

Namna yenyewe. Mkalishe nusu, mgongo umeegemea, magoti yamekunjwa kidogo ili misuli ya tumbo ilegee. Mkono mmoja juu ya kitovu, mwingine kifuani. Avute hewa kwa pua polepole, kwa kuhesabu hadi 4, mkono wa tumboni uinuke na wa kifuani usisogee sana. Akifika mwisho, mwambie "nusa tena kidogo". Ashikilie kwa kuhesabu 3 hadi 5, kisha aachie kwa midomo iliyobanwa, taratibu, bila kusukuma. Huko kushikilia ndiko watu wanakoruka, na ndiko kwenye faida: hewa inapata muda wa kupenya kwenye vifuko vigumu kufunguka. Pumzi 10 ni duru moja. Apumzike dakika moja akipumua kawaida, afanye duru ya pili, halafu akohoe mara tatu akiwa amekumbatia mto juu ya mahali kidonda kitakapokuwa. Kabla ya upasuaji mara tatu au nne kwa siku zinatosha. Baada ya upasuaji, kila saa akiwa macho, na ile ya kwanza kabisa ni anapofungua macho, asingoje kesho yake.

Makosa utakayoyaona ni mabega kupanda masikioni, kwenda mbio, na kufunga koo wakati wa kushikilia huku anajikaza kama aliye chooni. Hilo la mwisho linapandisha presha. Dawa yake ni kumwambia aendelee kuvuta kidogo kidogo badala ya kufunga. Akisikia kizunguzungu, midomo au vidole kuwasha, amekwenda mbio na kaboni dioksidi imeshuka mno. Aache kwanza, apumue kawaida dakika mbili, aanze tena polepole. Hakuna haja ya mfuko wa karatasi.

Mfundishe pia kuhema kwa nguvu, kwa sababu kukohoa kutamuuma. Mdomo wazi, koo wazi, avute pumzi ya kadiri, kisha aitoe kwa nguvu "haa" kama anayetia ukungu kwenye kioo. Mara mbili hivyo makohozi yanapanda juu, na hapo kikohozi kimoja kinatosha.

Chupa ya kupuliza nayo ni nzuri kwa aliye na makohozi, na wengi wanaitengeneza vibaya. Chupa ya maji ya lita moja na nusu, maji yapande sentimita 13. Mrija uwe na tundu la milimita 8 au zaidi, ncha yake ikae sentimita 10 chini ya uso wa maji, na uufunge kwa plasta usipande. Ukitumia mrija mwembamba wa seramu (dripu), anachopigana nacho mgonjwa ni ule wembamba, wala si yale maji. Anajaza mashavu, anachoka, na hujui amepuliza kwa shinikizo gani. Mdomo wa chupa ubaki wazi kuzunguka mrija, hewa itoke. Avute kwa pua, apulize povu la taratibu, pumzi 10, duru tatu. Asivute kamwe kwa mrija. Maji yabadilishwe kila siku, chupa ioshwe kwa sabuni na kukaushwa, na kila mgonjwa awe na yake. Ikibaki na maji ya juzi, unampulizisha vijidudu.

Kile kifaa cha mipira mitatu kinachouzwa, msiwalazimishe ndugu kukinunua. Mgonjwa anavuta ghafla ili mipira iruke, na hewa ya ghafla inajaza sehemu ya juu ya mapafu, siyo ya chini. Tafiti hazijaonyesha kwamba kinazidi pumzi za kawaida zilizofundishwa vizuri. Kuna pia vifaa vya springi vya kutia nguvu misuli ya kuvuta hewa. Hivyo vinaanzia kama asilimia 30 ya nguvu zote za mgonjwa, dakika 15 hadi 30 kila siku, kwa wiki 2 au zaidi. Mama wako ana siku 10, kwa hiyo viacheni. Atembee dakika 20 hadi 30 kila siku, kwa mwendo unaomwezesha kusema sentensi nzima lakini si kuimba. Milima ya Bukavu inatosha.

La mwisho kwangu: anayekohoa zaidi ya wiki 2, anayetoa damu, anayekonda au kutoka jasho usiku, makohozi yake yaende kwanza kwenye GeneXpert, mashine ya kupima kifua kikuu. Usimpulizishe chupa wala kumhemesha ndani ya chumba cha wagonjwa. Unasambaza kifua kikuu. Na aliyevuja hewa nje ya pafu au aliyetoka kupasuliwa jicho hafanyi mazoezi haya bila ruhusa ya docta.

Usingizi_Lubumbashi

Nakubaliana na kine karibu kote. Niweke hesabu, maana ubishi wa 94 hauishi bila hesabu.

Bukavu na Goma ziko mita 1,500 hivi juu ya bahari. Shinikizo la hewa huko ni kama milimita 635 za zebaki, wakati pwani ni 760. Toa 47 za mvuke wa maji ndani ya njia ya hewa, chukua asilimia 21, ambayo ndiyo oksijeni: Bukavu unabaki na 123, pwani 150. Sasa toa sehemu ya kaboni dioksidi. Kwa mtu wa mwinuko huo iko kama 35, na ukigawa kwa 0.8 ni 44. Kwenye vifuko vya hewa inabaki 79. Damu iko chini kidogo ya hapo, na pengo linaongezeka na umri, kwa hiyo kwa mama wa miaka 58 tarajia 65 hadi 70. Kwa shinikizo hilo hemoglobini (kitu kinachobeba oksijeni ndani ya damu) inajaa asilimia 93 hadi 95.

Basi 94 yake ni ya mwinuko na umri. Hakuna zoezi litakaloondoa mlima. Hapa Lubumbashi, mita 1,200 hivi, mtu yuleyule angeonyesha pointi moja zaidi. Na anayepanda kutoka Uvira, ambako ziwa liko chini ya mita 800, atapoteza pointi moja au mbili akifika Bukavu bila ugonjwa wowote. Msimlinganishe na karatasi aliyokuja nayo.

Ni lini basi namba inanisumbua? Mimi nasimama kwenye 92 kwa mtu aliyekaa na kupumzika, ikipimwa mara mbili vizuri. Hiyo na chini yake inatafutiwa sababu kabla ya kupanga siku: kifua kikuu, pumu, moyo, mapafu yaliyochoka na moshi wa miaka. Na kwa aliye na 93 hadi 95 kuna jaribio la dakika moja: asimame na kukaa kwenye kiti bila kutumia mikono, mara nyingi awezavyo, oksimita kidoleni. Ikishuka pointi 4 au zaidi, kuna kitu. Ikibaki palepale, endelea.

Kuna pia hesabu ya hatari iitwayo ARISCAT, iliyotoka Katalonia, Hispania, mwaka 2010. Mama wako: umri kati ya 51 na 80, pointi 3. Namba kati ya 91 na 95, pointi 8. Kidonda cha tumbo la juu, 15. Kazi isiyozidi saa 2, sifuri. Jumla 26, na 26 ndiyo mwanzo wa hatari ya kati, ambako wagonjwa kama 13 kwa 100 walipata tatizo la mapafu. Angekuwa na 96 angebaki na 18, hatari ndogo. Yaani kwa watu wetu wa Kivu mwinuko peke yake unaweza kumpandisha mtu daraja zima. Soma hesabu hiyo ukijua ilitengenezwa wapi.

Lakini tazama pointi nyingine. Maambukizi ya njia ya hewa ndani ya mwezi mmoja ni 17. Hemoglobini ya 10 au chini ni 11. Kazi ya kupita saa 2 ni 16, ikipita 3 ni 23. Zile 8 za mwinuko hazifutiki kwa kusubiri. Zile 17 za kifua na 11 za damu zinafutika. Nikiahirisha mgonjwa, namwahirishia hizo. Mwenye mafua ya kifua angoje mwezi, mwenye damu chache atibiwe malaria, minyoo au kile kinachomvujisha, apewe madini ya chuma. Na wakati anangoja, ndipo mazoezi ya kine yanapata siku zake.

Kuna faida nyingine ya mazoezi ambayo sisi wa usingizi tunaiona mapema. Kabla ya kumlaza tunampa oksijeni kwa maski: dakika 3 za kupumua kawaida, au pumzi 8 za kujaza kifua ndani ya dakika 1. Mapafu yake yana akiba ya lita 2 na nusu hivi za hewa, na mwili unakula kama mililita 250 za oksijeni kila dakika. Akiba ikiwa hewa ya chumba, katika mwinuko wetu ina mililita 330 hivi za oksijeni, basi dakika moja na kidogo tu. Ikijazwa oksijeni, inapita lita 2, na kwa mtu mzima mwenye afya una dakika 7 au 8 za kuweka mrija wa kupumulia bila haraka. Mgonjwa aliyezoea kuvuta polepole haogopi maski, haing'oi, na anajaza vizuri. Asiyefundishwa anahema juujuu na kugeuza uso.

Angalizo kwa wanaotumia mashine ya kutengeneza oksijeni. Ya lita 5 haiwezi zile pumzi 8 za nguvu: mgonjwa anavuta zaidi ya lita 5 kwa dakika, kinachobaki anakivuta pembeni ya maski. Kwa mashine hiyo tumia maski yenye mfuko, mfuko ujae kwanza, apumue kawaida dakika 4 au 5, maski imebanwa kabisa usoni, kichwa kimeinuliwa nyuzi 20 hadi 25. Na mashine hizo hutoa kama asilimia 93, siyo 100. Umeme ukikatika katikati, chupa kubwa ya oksijeni iwe tayari imefunguliwa na kupimwa, si ya kutafutiwa ufunguo.

Infirmye_Kadutu (Bukavu)

Aksanti sana, docta, na wewe kine. Kumbe 94 yenyewe siyo kesi. Ila mmenipa hofu nyingine: namba yenyewe tunaiamini vipi? Kidole kimoja kinatoa 91, kingine 95, asubuhi ya baridi mashine haisomi kabisa. Na yule mama wa makala, moshi hauonekani kwenye oksimita?

Fundi_Vifaa_Ibanda (Bukavu)

Moshi hauonekani, na hapo ndipo hatari iko.

Oksimita ya kidole inapitisha mianga miwili, mwekundu na ule usioonekana, na inajua hemoglobini za aina mbili tu: yenye oksijeni na isiyo nayo. Kaboni monoksidi ya makala ikishika hemoglobini, mashine inaihesabu karibu kama oksijeni. Mtu ambaye sehemu 10 kwa 100 ya hemoglobini yake imeshikwa na moshi anaweza kuonyesha 97 wakati oksijeni ya kweli iko kwenye 87 tu. Anayelala na babula (jiko la makala) ndani ya chumba kilichofungwa, kama wengi wanavyofanya usiku wa baridi hapa kwetu, anaweza kuja asubuhi na namba nzuri kuliko jirani yake aliyelala kwenye hewa safi.

Gesi hiyo inapungua nusu kila saa 4 au 5 kwa hewa ya kawaida. Siku nzima bila moshi inaondoa karibu yote. Kwa hiyo mwambie mama asipike na asilale karibu na babula kwa siku mbili za mwisho, mtu mwingine apike, nje. Akikaa mwezi mzima mbali na moshi, mapafu pia yanapunguza makohozi, lakini hata zile saa 24 zina maana kwa ajili ya gesi. Mvuta sigara ni vilevile: wiki 4 ndizo bora, na usiku mmoja ni afadhali kuliko kutokuacha.

Kuhusu kupima. Aliyepanda kutoka barabarani akae dakika 5 hadi 10 kwanza. Mikono ipashwe: maji ya uvuguvugu au kuifunika kwa blanketi. Ondoa rangi ya kucha na hina, hasa nyeusi, buluu na kijani. Ikishindikana, geuza oksimita mianga ipite ubavuni mwa kidole, au pima sikio kama una kishikio chake. Usitumie mkono wenye kitambaa cha presha. Jua la dirishani linavuruga, lifunike. Ngoja sekunde 30 hadi 60, halafu shika mshipa wa mkono uhesabu: mapigo ya mashine na yale uliyohesabu yasipolingana, namba ya oksijeni haina maana, hata ikiwa 99. Vidole vikitofautiana, uchukue kile chenye mapigo yenye nguvu na yaliyotulia.

Hata ikiwa sahihi, nyingi ya mashine hizi zinakosea pointi 2 juu au chini. 94 inaweza kuwa 92 au 96. Na kwa ngozi nyeusi huwa zinaelekea kukosea kwa kupandisha: ripoti ya Marekani ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba oksijeni ya chini iliyofichwa na oksimita ilitokea karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko weupe. Wakati wa kuamua, 92 ya mgonjwa wetu isichukuliwe kama "labda ni 94". Ichukuliwe kama labda ni 90.

Pima kidole chako mwenyewe kila asubuhi ukiwa umetulia. Ukijua yako ni 96 na leo inasema 91, badilisha betri na ufute dirisha la mwanga kabla ya kumgusa mgonjwa.

Jambo moja ambalo docta amegusa kwa haraka: damu chache haishushi namba. Mwenye hemoglobini 13 na namba 94 anabeba mililita 16 hivi za oksijeni kwa kila desilita ya damu. Mwenye hemoglobini 8 na namba 98 anabeba kama 10 na nusu. Wa pili ndiye anayehitaji kuangaliwa, na mashine inamsifu.

Pansema_Goma

Wenzangu wamesema ya kabla. Mimi nashika saa 48 za kwanza kitandani, kwa sababu mazoezi yaliyofundishwa vizuri yanafia hapo.

Yanafia kwa maumivu. Ukimpa mtu paracetamol gramu 1 asubuhi na nyingine jioni, hatavuta pumzi ndefu hata umfokee. Kwa mtu mzima wa kilo 50 au zaidi, asiye na ugonjwa wa ini, ni gramu 1 kila saa 6, kwa saa iliyoandikwa, bila kungoja alalamike. Panga duru kubwa ya mazoezi na kumkalisha ukingoni mwa kitanda dakika 30 hadi 45 baada ya dawa. Siku ileile ya upasuaji, jioni, akae. Kesho yake asimame na kutembea mpaka mlangoni, kama presha inaruhusu. Kitanda kiinuliwe nyuzi 30 hadi 45. Akilala chali kabisa, diaframu inarudi kubana.

Mfundisheni mlinzi wa mgonjwa (ndugu anayekaa naye hospitalini) pamoja naye, siku ileile ya kikao. Infirmye ana wagonjwa 20, mlinzi ana mmoja. Yeye ndiye atakayesema kila saa, "Mama, pumzi kumi." Mpe kikaratasi chenye visanduku, aweke alama kila duru. Saa 2 usiku ukipita ukakuta visanduku vitatu tu vya tangu asubuhi, umejua tatizo kabla ya homa.

Aliyepewa morfini anapimwa kwa kuhesabu pumzi, dakika nzima. Zikiwa chini ya 10, au akiwa mgumu kuamka, mwite docta hata kama kidole kinaonyesha 98, kwa sababu oksijeni ya puani inaificha hali hiyo: namba inabaki juu huku kaboni dioksidi inajaa. Kwa sababu hiyohiyo, ukitaka kujua mapafu yamefika wapi siku ya pili, mtoe oksijeni dakika 10 ukiwa umesimama hapo, usome namba ya hewa ya kawaida, na uilinganishe na ile ya kabla ya upasuaji. Ndiyo faida kubwa ya kuandika ile 94 ya kwanza kwenye kadi. Mama wa 94 aliyefika 93 anaendelea vizuri. Mama wa 94 aliyefika 89, anayepumua mara 26 kwa dakika na kukohoa makohozi ya njano, ana pafu linalojifunga au nimonia inayoanza, na hapo siyo mazoezi peke yake tena. Akiwa na maumivu ya ghafla ya kifua au mguu mmoja umevimba, fikirieni donge la damu, na msimhemeshe.

Kine_wa_Himbi (Goma)

Pansema amenikumbusha kitenge. Mama zetu wakishapasuliwa hufungwa kitenge tumboni, kimekazwa mpaka mbavu. Kinasaidia kusimama, lakini kikipanda juu ya mbavu za chini kinazuia pumzi tuliyomfundisha. Kifungwe chini ya mbavu, vidole viwili vipite kati yake na ngozi. Wakati wa pumzi kumi kilegezwe kabisa, wakati wa kukohoa ashike mto. Mwonyesheni mama mkwe au dada atakayemfunga, siku ya kikao, kwa kitenge chenyewe.

Na kwa siku 10 za mama wa Bukavu, yaya: kikao cha dakika 30 wiki hii, akiwa na mlinzi wake. Umrudie dakika 10 siku ya kulazwa uone kama bado anashikilia pumzi, kwa sababu hicho ndicho wanachosahau kwanza.